Mshale wa Kumsindikiza Kaka

Katika ukoo wetu, mwenye upinde akifa, upinde wake hauondolewi uzi siku hiyo. Unaachwa ukutani umekazwa mpaka siku ya tatu baada ya maziko. Siku hiyo mdogo wake wa tumbo moja anasimama mlangoni nao na kurusha mshale mmoja tu, mshale wa mti mtupu usio na chuma, uliochongwa na marehemu kwa mkono wake. Anaufuata peke yake bila kutamka neno, anaurudisha, anauvunja juu ya kizingiti mbele ya mjane, kisha anakata uzi. Toka saa ile mjane yuko huru kulala nyumba nyingine. Kabla ya hapo hatoki. Wazee wetu walisema marehemu bado yumo ndani, na si adabu kumwacha mwenye nyumba peke yake.

Mimi ni mkatekista. Nimefundisha sala kwa watoto ambao leo ni mababu, na sijaona ubaya katika desturi hii. Baba yetu alichonga pinde kijijini kwetu Runingu na kusali rozari kila jioni, na aliniambia kwamba ni namna ya kuagana tu. Nilimwamini na bado namwamini. Naandika kwa sababu nilikosea, na Mungu akanivumilia, na mwanamke mmoja pia akanivumilia, jambo ambalo labda lilikuwa gumu zaidi.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyerithi mkono wa baba. Mimi nachonga, lakini pinde zangu ni za watu wa ngoma, za kushikwa mkononi wakati wa harusi. Zake zilikuwa za kurusha. Siku za sikukuu wanaume waliposimamisha mgomba uwanjani na kupima nani ataupiga mara nyingi, waliokuja na upinde wake walitaniwa kwamba wamekuja na watu wawili. Aliishi Uvira, chini kabisa karibu na ziwa, katika nyumba ya matofali yenye mlango mmoja unaotazama maji. Alipoijenga, kati ya mlango ule na ziwa kulikuwa na njia mbili na nyumba nyingi. Alipokufa kwa kifua, mwishoni mwa mvua za mwaka ule ambao ziwa lilikataa kurudi, njia zile mbili zilikuwa chini ya maji, na nyumba za mbele zilikuwa zimesimama ndani yake bila watu, madirisha wazi.

Siku tatu upinde ulikaa ukutani juu ya wafiwa. Uzi wake ulikuwa wa kano za ng'ombe. Kano hulegea kwa unyevu na kukazika kwa joto, na ndani ya nyumba ile vyote viwili vilikuwepo. Kila ilipofika adhuhuri uzi ulitoa mlio mdogo, kama umeguswa kwa kidole. Watu waliacha kuzungumza. Niliwaeleza habari ya kano. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakahamisha mikeka yao upande wa pili.

Siku ya tatu, saa nne za asubuhi, nilisimama mlangoni. Mke wa marehemu, shemeji yangu, alikaa nyuma yangu juu ya kiti kidogo. Hapo nilipaswa kufikiri. Kule Runingu baba yetu aliwarushia wakubwa zake kwenye majani, na mshale ulionekana umesimama pale ulipoanguka. Mimi mbele yangu nilikuwa na maji. Nilitaka kuupeleka chini, kwenye kipande cha mchanga kilichobaki kati ya nyumba mbili, lakini upinde wa kaka ulinishinda nguvu. Mshale ulipanda, ukapita juu ya bati la kwanza, ukashuka karibu na ukuta uliopakwa rangi ya bluu. Nilipaona vizuri.

Niliingia majini. Yalifika magotini, kisha kiunoni. Macho yangu yalikuwa kwenye ukuta wa bluu. Wakati huo mtumbwi ulitokea kati ya nyumba, na ndani yake mkristo mmoja wa mtaa ule, aliyenifahamu, aliyekuwa anahamisha godoro lake. Aliponiona alivua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele na milele, amina," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Maisha yangu yote sijaacha salamu ile bila kuijibu. Nafikiri hata ningekuwa usingizini ningeijibu. Naye kwa wema wake akaendelea: "Uko natafuta nini mu mayi, mwalimu? Mamba iko huku." Nilimwashiria kwa mkono apite. Nilipogeuka tena, kuta za bluu zilikuwa mbili, zinazofanana, moja kushoto na moja kulia, na sikujua tena ni ipi.

Baba hakuwahi kuniambia nini hutokea mfuataji akisema neno. Aliniambia tu kwamba hasemi.

Nilitafuta siku ile mpaka jua likanichoma kichwa, na siku zilizofuata nikarudi kila asubuhi. Mshale wa mti huelea, kwa hiyo nilijua haukuzama. Uko mahali, umekwama kwenye matete au umeingia kwa dirisha la mtu. Basi niliingia ndani ya nyumba za watu. Sijui kama msomaji amewahi kutembea sebuleni mwa mtu maji yakiwa kiunoni. Katika moja sufuria ilikuwa bado juu ya rafu, imefunikwa vizuri. Katika nyingine kalenda ya kanisa ilikuwa ukutani, nusu yake juu ya maji, na siku za chini zimefutika. Ukisimama kimya, mlango wa chumba cha ndani unafunguka taratibu kisha unafungika, na hakuna upepo. Na kila nilipotembea, nyuma ya ukuta niliokuwa nao kulikuwa na mtu mwingine anayetembea majini kwa mwendo wangu. Nikisimama, anasimama. Nilijiambia ni mwangwi. Nilisali moyoni, midomo imefungwa, kwa sababu sikutaka kukosea mara ya pili.

Shemeji hakutoka. Maji yalifika kwenye ngazi ya mlango, yakaingia sebuleni, naye akaweka kitanda juu ya matofali. Watoto wake walimpigia simu kutoka Bujumbura kila jioni, na kila jioni aliwajibu kwamba anamsubiri baba yao aondoke kwanza. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umeanza kunyonya maji. Ukiugusa kwa kidole, tofali lilibaki kwenye kidole. Hilo ndilo lililoninyima raha. Mshale haukuwa kitu tena. Nilitaka mwanamke yule awe nje kabla ukuta haujashuka.

"Shemeji, nyumba hii itaanguka," nilimwambia.

"Itaanguka na sisi wawili."

"Wawili nani?"

Alinitazama kama ninavyowatazama watoto wanaouliza Mungu anakaa wapi. Alikuwa amekunja kitenge chake mpaka magotini, miguu majini, anachambua ndagala, dagaa wa ziwa lile, kwenye ungo kama mtu aliye kwake.

"Weye ni mwalimu wa dini," akasema. "Petro alitembea juu ya mayi. Weye uko nashindwa kuona fimbo moja inaelea."

"Petro naye alizama."

"Kwa sababu alitazama pembeni. Weye ulitazama pembeni?"

Sikumwambia habari ya salamu. Niliona aibu.

Padri alikuja kumwona. Shemeji alimkaribisha vizuri, akampa chai, akasali naye, akamwambia kwamba hatatoka. Nje, Padri akipandisha suruali ili asilowe, aliniambia nisimlazimishe, na pia nisimdanganye. Sijui aliona nini usoni mwangu. Wakati ule nilikuwa bado sijafikiri kumdanganya. Nadhani ni yeye aliyenipa wazo, Mungu amsamehe, maana hakukusudia.

Nilirudi kwangu Runingu, na kesho yake kulipopambazuka nilikwenda kukata chipukizi la mkole, lililonyooka, unene wa kidole kidogo. Mishale ya kaka niliijua kama maandishi yake. Alikichonga kichwa kiwe kinene kidogo, kama tunda la mbuni. Nyuma aliweka manyoya matatu ya kanga na kuyafunga kwa kano iliyotafunwa. Chini ya manyoya alichoma mduara mmoja kwa ncha ya kisu chenye moto. Hayo yote niliweza. Lakini kulikuwa na meno. Kaka alinyoosha mti kama baba alivyomfundisha: aliupitisha juu ya makaa, na ulipopata moto aliung'ata pale palipopinda na kuurudisha. Kila mshale wake ulibeba alama za meno yake, na katikati ya alama kulikuwa na nafasi tupu, kwa sababu jino moja la mbele lilivunjika utotoni. Mimi, kwa neema ya Mungu, meno yangu ya mbele yote ninayo. Nilifikiri nitang'ata kwanza, kisha nifute alama moja kwa kisu.

Niliupasha mti moto. Niling'ata. Nilipoutoa mdomoni na kuugeuza kwenye mwanga, alama zilikuwa tano, na katikati kulikuwa na nafasi.

Nilipitisha ulimi kwenye meno yangu. Yalikuwepo. Niliweka kisu chini, nikakaa, nikatazama makaa mpaka yakawa majivu. Huenda niligeuza mdomo bila kujua. Mtu akitaka kuiga, mwili wake humsaidia. Ningeweza kuuchoma moto mshale ule na kuanza mwingine. Sikuuchoma. Nilisema moyoni kwamba kazi imerahisishwa, na leo najua kwamba mtu anayesema hivyo anapaswa kuogopa.

Niliusugua kwa majivu, nikaulaza kwenye tope la mfereji siku mbili, nikaupeleka Uvira. Nilifika kwa shemeji nimelowa mpaka kifuani, maana nilijitia majini makusudi. Sikusema kitu, desturi ilinisaidia kudanganya. Aliupokea kwa mikono miwili. Kidole gumba chake kilipita kwenye manyoya, kwenye mduara, kwenye alama za meno, kikasimama kwenye nafasi ile. Akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Nikauvunja juu ya kizingiti, chini ya maji, ukatoa sauti nzito. Nikakata uzi. Alikusanya vipande viwili akavifunga ndani ya kitenge, na kabla ya jioni tulikuwa njiani kwenda Runingu, yeye kwenye pikipiki ya mbele na kitanda chake kwenye ya nyuma.

Siku tisa baadaye ukuta wa chumba cha kulala ulianguka. Ulianguka ndani, pale kilipokuwa kitanda.

Watu walinishukuru. Padri alimshukuru Mungu katika misa, na alipotaja subira ya mkatekista wetu aliyetafuta majini bila kuchoka, watu waligeuka kunitazama. Nilitazama viatu vyangu. Ni kweli kwamba alikuwa hai kwa sababu ya uongo wangu. Nililijua hilo na nikalitumia kama mto wa kulalia, nao haukuwa laini.

Kwangu shemeji alikaa vizuri. Alilima, alicheka na mke wangu, alitukosoa sote jinsi tunavyopika sombe, mboga ya majani ya muhogo. Lakini kila mchana jua lilipokuwa utosini aliacha kazi, akaenda nyuma ya ua, mahali tulipokuwa na nyasi ndefu za mbuzi, akasimama hapo akitazama. Mara ya kwanza nilidhani anapunga hewa. Baada ya wiki nilimuuliza.

"Yuko pale," akasema, kama anayesema mvua inakuja. "Haingii. Anatembea tu, ameinama, anarudi, anainama tena. Kama muntu aliyeangusha kitu." Kisha akauliza: "Shemeji, ikiwa ulimpatia mshale wake, anatafuta nini?"

Nilimwambia kwamba roho za waamini zimo mikononi mwa Mungu. Alisema anajua. Alisema hata hivyo yuko pale.

Nilikwenda kuangalia wakati shemeji alipokuwa kisimani. Sikuona mtu, namshukuru Mungu. Niliona nyasi. Zilikuwa zimelala kwa mstari mwembamba, kutoka kwenye ua mpaka kwenye miti, kisha mstari mwingine kando yake kurudi, kisha mwingine, kwa mpangilio, kama mtu anayetafuta kwa akili na hataki kuacha mahali. Mbuzi hawatembei hivyo. Ndivyo nilivyotembea mimi kati ya zile nyumba. Hakukuwa na nyayo. Nilisimama katikati, na nyasi zilizokuwa karibu na goti langu, ambazo hazijalazwa, zikainama polepole na kubaki chini. Nilijikuta nimeshika msalaba wa rozari kwa nguvu mpaka ukaacha alama mkononi.

Niliungama. Padri alinipa malipizi mafupi, lakini akasema hayatatimia mpaka nimwambie mwenyewe.

Nilimwambia asubuhi, tukiwa uani, mke wangu ameenda sokoni. Nilisema yote: salamu, kuta mbili, chipukizi la mkole, tope. Nilipofika kwenye meno nilichangamka kidogo, na hapo ndipo ninapoona haya zaidi nikikumbuka. Nilimwonyesha mdomo wangu. Nilimwambia nafasi ile ilitoka yenyewe, kwamba labda kaka ndiye aliyeung'ata ule mti, kwamba labda alikubali.

Alikuwa akimenya muhogo. Hakuacha.

"Usimsingizie marehemu," akasema. "Mshale ni wako. Uongo ni wako. Yeye alitengeneza yake."

Alimaliza muhogo wote, akaosha mikono, akaingia ndani. Alitoka akiwa amevaa kitenge kizuri, na vipande viwili vya mshale wangu mkononi. Aliviweka motoni, chini ya sufuria ya maharage, kama kuni nyingine yoyote.

"Niliacha muntu peke yake mu nyumba," akasema. "Kwa sababu yako nilimwacha bila kumuaga. Minye narudi."

Nilimkumbusha kwamba hakuna nyumba, kuta zilizobaki nazo zilishaanguka. Alisema hajasema nyumba. Nikamwomba niende naye, na nilipofungua mdomo kuanza kueleza kwa nini, aliinua kidole. "Kuja. Lakini leo weye nyamaza mpaka niseme basi. Salamu pia."

Kiangazi kilikuwa kimefika na maji yalikuwa yameshuka kidogo. Bati la kaka lilikuwa limelala juu ya lundo la matofali, na kutoka kwenye lundo lile fremu ya mlango ilisimama peke yake, imara, ikitazama ziwa. Ilikuwa karibu adhuhuri. Hakukuwa na upepo, wala mtumbwi. Nyumba zile za mbele zilikuwa na mistari ya matope inayoonyesha maji yalifika wapi, na madirisha yake yalikuwa meusi kwa namna ambayo mchana hauelezi. Shemeji aliingia majini mpaka magotini, akapita katika ile fremu kama mtu anayeingia kwake, akageuka upande wa pili, akasimama.

Alimwita kwa jina lake la ujana, ambalo sitaliandika.

"Mume wangu," akasema, "mshale wako haupatikani. Mdogo wako ameutafuta kweli, siku nyingi. Wa pili ulikuwa wa uongo, alidanganya kwa sababu aliogopa nisife, na kweli ukuta ulianguka pale nilikuwa nalala. Nimemsamehe kidogo. Kingine nitamsamehe pole pole. Mshale usiutafute tena, si weye wa kuutafuta. Minye niko kwa mdogo wako, nakula, nalala. Enda sasa. Enda kwa Mungu, waliotangulia wasikungoje."

Nami nilikuwa nimemfuata, nimesimama nyuma yake, mdomo umefungwa, na sala zote nilizowahi kuwafundisha watu zimenitoka isipokuwa ile ya kusubiri. Maji yalitulia mpaka nikaona miguu yangu. Sijui ilikuwa muda gani. Nilihisi baridi ikipanda kutoka kwenye maji ya vuguvugu, ikapita kando yangu upande wa kushoto, upana wa bega la mtu, kisha ikaisha. Sijui kama yeye aliihisi. Hakuniuliza, nami sikuruhusiwa kusema.

"Basi," akasema baadaye. "Twende. Maharage itakuwa imeungua."

Kesho yake jua lilipofika utosini nilisimama niende nyuma ya ua. Nilitaka kuona kama nyasi zimeinuka. Shemeji alikuwa kwenye mkeka, anachambua ndagala, na hakuinua macho.

"Kaa," akasema. "Nimemwambia aende. Tukienda kuangalia, ni kusema hatukumwamini."

Nikakaa. Akanisogezea ungo, tukachambua pamoja mpaka kivuli cha nyumba kilipotufikia. Wiki iliyofuata alichukua mundu, akazikata nyasi zote mwenyewe, akawapa mbuzi.